Kiti cha Mtemi Parokiani: Makumbusho ya Bujora

Mtu anayefika Bujora, karibu na Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kuelekea Musoma, hupata taabu kidogo kutambua ni wapi kanisa linapoishia na makumbusho yanapoanzia. Kanisa ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi.

Misheni hii ilianzishwa mwaka 1952 na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada. Pamoja na wazee wa Kisukuma alikusanya vyombo, nyimbo na masimulizi, na makumbusho yakafunguliwa rasmi mwaka 1968. Ikumbukwe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, inayoipa sanaa ya kila taifa nafasi katika Kanisa, tarehe 4 Desemba 1963. Bujora kazi ilikuwa imekwisha kuanza.

Mwaka huo huo wa 1963 utawala wa watemi ulikoma nchini. Vitu vilivyokuwa vya enzi vikabaki bila mwenyewe. Kwani ngoma ya mtemi isiyo na mtemi inaweza kuozea ghalani au kuuzwa kwa mpita njia. Ndiyo maana naona mkusanyo huu ulikuja kwa wakati wake.

Sehemu inayonivuta zaidi ni ile ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoshindana tangu zamani kuvuta watazamaji. Padre Clement hakuupiga marufuku ushindani huo. Aliuunganisha na Sherehe ya Ekaristi Takatifu, ikazaliwa sikukuu ya Bulabo, yaani maua, ambapo baada ya maandamano ya Sakramenti wachezaji hupimana ubingwa uwanjani.

Wapo waamini wanaouliza kwa nini Kanisa lihifadhi hata zana za mganga. Swali ni halali. Lakini kuhifadhi si kuabudu, na katekista asiyejua babu zake waliogopa nini atawahubiria wajukuu wao kwa kubahatisha.

Sisi wa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, tulikuwa kwenye njia ya misafara kati ya pwani na Tabora, na Wajerumani walijenga boma hapa. Wagogo wana zeze, ilimba, nyumba za tembe, na ngoma ya muheme ipigwayo na akina mama. Nyimbo tumeziingiza kanisani, vyombo hatukuvitunza.

Mwaka jana nilialikwa kubariki nyumba mpya ya bati. Uani, kati ya kuni, niliona mpini wa zeze.

“Baba Paroko,” alisema mwenye nyumba, “hilo lilikuwa la babu. Halina mpigaji tena.”

Nililiomba, akanipa kwa furaha, akishangaa kidogo. Sasa liko juu ya kabati la vitabu vya ubatizo. Nimeandika jina la kitongoji na mwaka nililolipokea, lakini pale nyumbani hakuna aliyeweza kuniambia lilikuwa na nyuzi ngapi.