Sekenke: Urithi Ulio Ndani ya Mwamba

Kwa madereva wa malori wanaotoka Singida kwenda Nzega, Sekenke ni mteremko wa kuogopwa, na Shelui iliyo chini yake ni mahali pa kushusha pumzi. Lakini mlima huu wa wilaya ya Iramba uliwahi kutegemewa na koloni zima. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu hapa mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari wakapungukiwa fedha, na mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapigwa chapa kwenye karakana ya reli mjini Tabora, ikawa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani huinunua kwa bei inayozidi mara kadhaa thamani ya dhahabu iliyomo, kwa sababu wanajua ilikotoka na kwa nini ilitengenezwa. Hapo pana funzo kwa vijana wa Iramba wanaojiuliza mgodi wa kale umewaachia nini. Urithi wao mkubwa ni elimu ya mwamba wao, na kesho yao inategemea kuipata.

Uchimbaji mkubwa ulififia miaka ya 1950, ila watu hawakuacha kuchimba. Wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, mawe yanasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia, unga unaoshwa kwenye mwalo, mahali pa kuoshea, na dhahabu kukamatwa kwa zebaki, sumu inayomdhuru anayeishika. Njia hiyo hukamata sehemu tu ya dhahabu. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mwenye mtaji wa kuchenjua kwa sayanaidi huyanunua kwa bei ndogo, akapata faida ambayo aliyeingia shimoni hakuiona. Kinachowatenganisha wawili hao, pamoja na fedha, ni kujua kilichobaki mchangani. Na maarifa ya namna hiyo hayako mbali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoanza kama idara ya serikali ya kikoloni mwaka 1925, ina makao yake Dodoma, na kazi yake tangu mwanzo ni kuchora ramani na kuhifadhi habari za miamba ya nchi hii. Kijana wa Shelui anabahatisha katika nchi ambayo miamba yake inachunguzwa tangu enzi za babu yake.

Wapo watakaosema historia haishibishi, na kwamba kijana anahitaji mtaji kuliko ramani. Ni kweli leseni na mashine vinataka fedha. Lakini mkopo uliotumika kuchimba duara lisilo na kitu hubaki deni, na mtaji usio na taarifa huzikwa na mwenyewe. Wengine wanaona kuuenzi mgodi wa Wajerumani ni kuienzi dhuluma. Dhuluma ilikuwepo, ila tukiifuta habari hiyo tutawafuta na Waafrika waliobeba mawe yale, ambao hakuna sarafu iliyowataja. Wa mwisho watasema dhahabu bado ipo, haraka ya nini? Majirani wa Nzega wana jibu: mgodi wa Golden Pride, wenye mitambo ya kisasa, ulifunguliwa mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa bado sekondari ulipofungwa.

Kwa hiyo, sehemu ya ushuru wa huduma ambao halmashauri hupata kwenye mauzo ya madini ifanye kazi hii: nakala za ramani za miamba zifike sekondari za Iramba, wanafunzi wanaosomea madini mjini Dodoma waje kufundisha vikundi vya vijana kupima mawe na marudio, na simulizi za wazee ziandikwe wangali hai. Dhahabu ya 1916 iliondoka na haitarudi. Maarifa yanaweza kurudi, na kijana atakayeyasoma kabla ya kupiga sururu ya kwanza atakuwa mwenye mali katika mlima ambao waliomtangulia waliuingia kama vibarua.