Kilichowaokoa mabaharia wa Shackleton

Mwaka 2002 televisheni ya Uingereza ilionyesha tamthilia ya sehemu mbili iitwayo Shackleton, ambamo Kenneth Branagh aliigiza Shackleton mwenyewe, kiongozi wa msafara wa Ncha ya Kusini. Kisa chenyewe ni cha kweli. Meli ya Endurance ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell mwezi Januari 1915, ikabanwa hadi ikapasuka, na Novemba ikazama. Watu 28 waliishi kwenye mahema juu ya barafu inayoelea, kisha wakaingia mashuani na kufika kisiwa cha Elephant. Kutoka hapo sita walivuka bahari chafu kwa mashua isiyozidi mita 7 kwenda kutafuta msaada South Georgia. Wa mwisho waliokolewa tarehe 30 Agosti 1916. Wote 28 walikuwa hai.

Tamthilia inampa kiongozi sifa, na anazistahili. Lakini mtazamaji asipite haraka pale watu wale wanapokula. Wanakula sili na pengwini waliowaua wenyewe, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu walikaa mahali pasipoota jani, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kiseyeye.

Msafara huo ulikuwa na kikosi kingine upande wa pili wa bara, katika Bahari ya Ross, kilichotumwa kuweka akiba za chakula njiani kwa ajili ya Shackleton, ambaye hakufika. Watu sita walivuta mizigo juu ya theluji kwa miezi, wakila biskuti, sukari na nyama iliyokaushwa na kuchanganywa na mafuta. Fizi zikawavimba, miguu ikakakamaa. Arnold Spencer-Smith, kasisi wa kikosi, aliburutwa na wenzake kwa wiki kadhaa akiwa hawezi kusimama, akafariki Machi 1916. Waliobaki walifika kwenye kibanda cha pwani, wakakuta sili, wakaanza kula nyama yao na kupata nafuu. Ni kweli kwamba kazi ya kuvuta mizigo iliwamaliza nguvu, lakini ugonjwa wenyewe, kiseyeye, ulitoka kwenye chakula.

Leo sababu ya kiseyeye inajulikana vizuri. Mwili wa mtu unahitaji vitamini C ili kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, mifupa na mishipa ya damu mahali pake, mfano wa kamba zinazofunga makuti kwenye paa. Mbuzi, mbwa na wanyama wengi wengine hujitengenezea vitamini hiyo wenyewe. Binadamu hawezi, lazima aile. Akiikosa kabisa kwa mwezi mmoja hadi mitatu huanza kuchoka bila sababu, viungo humuuma, fizi hutoka damu, na hata kovu la zamani linaweza kufunguka. Nyama ina kiasi kidogo cha vitamini C, maini yana zaidi, na kiasi hicho hupotea nyama ikikaa sana, ikikaushwa au ikipikwa mno. Sili aliyeliwa mapema akiwa hajaiva sana alitosha, kwa kuwa miligramu 10 tu kwa siku zinaweza kuzuia kiseyeye.

Namna binadamu alivyofikia ujuzi huu inafundisha pia. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti: siki, maji ya bahari na nyinginezo. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao wote. Hata hivyo jeshi hilo lilingoja hadi mwaka 1795 kuagiza maji ya malimau yatolewe kwa mabaharia.

Kilichofuata kinaniumiza kila ninapokisoma. Katikati ya karne ya 19 malimau yalibadilishwa na aina ya ndimu yenye vitamini C pungufu, na maji yake yakahifadhiwa kwa namna iliyozidi kuiharibu. Msafara wa Uingereza uliokwenda Aktiki mwaka 1875 ukapata kiseyeye ingawa ulibeba maji hayo. Wataalamu wakaanza kuyatilia shaka malimau yenyewe. Wengi wakaamini kwamba chanzo ni sumu katika nyama ya makopo iliyooza. Ujuzi uliokuwa mkononi ukaponyoka. Ulirudi mwaka 1907, pale simbilisi waliolishwa nafaka tupu walipopata ugonjwa unaofanana na kiseyeye na kupona kwa majani mabichi. Simbilisi nao, kama sisi, hawajitengenezei vitamini C. Vitamini yenyewe ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Shackleton alijua kwamba nyama ambayo haijahifadhiwa inazuia kiseyeye. Sababu yake kamili ilikuwa bado haijajulikana wakati huo.

Pwani yetu imo katika habari hii. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea machungwa, malimau na miwa. Alipokuwa akirudi kutoka India, mabaharia wake wapatao 30 walikufa baharini wakiwa na fizi zilizovimba na miguu iliyojaa maji. Walipotia nanga Malindi, jambo mojawapo la kwanza walilotafuta kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa.

Wala ugonjwa huu haujabaki kwenye historia. Kati ya 2017 na 2018 kiseyeye kilionekana katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, hasa kwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini. Nafaka, kunde na mafuta hujaza tumbo, lakini havina vitamini C ya kutosha. Mvuvi anayekaa baharini wiki nyingi kwa wali na samaki mkavu yumo katika hatari ya aina hiyo hiyo, na ndimu chache au mfuko wa ubuyu katika chombo ni kinga nafuu.

Kwa wengi wetu kiseyeye si tishio la kila siku. Faida kubwa ipo kwingine. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga za majani, wakati chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Mama mjamzito na mwanafunzi wa bweni anayekula ugali na maharage mwaka mzima wanaweza kupata chuma zaidi kutoka sahani ile ile kwa kukamulia ndimu, au kwa kula pera baada ya mlo na kuiacha chai hadi baadaye. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa la uzito uleule. Mchicha upikwe kwa muda mfupi na maji yake yasimwagwe. Mkulima anayekausha mboga azianike kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu vitamini.

Lakini kisamvu kisifupishiwe muda. Kina sumu ya asili, lazima kitwangwe na kupikwa vizuri; vitamini C itafutwe kwenye tunda. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa navyo havizuii mafua kwa watu wa kawaida, na vinaweza kuleta kuhara au mawe kwenye figo. Ndimu pia haitibu upungufu mkubwa wa damu, ambao unaweza kutokana na malaria au minyoo. Mjamzito aendelee na vidonge anavyopewa kliniki.

Fizi zinazotoka damu mara nyingi ni tatizo la usafi wa meno. Lakini zikiambatana na maumivu ya miguu, madoa ya damu chini ya ngozi au kidonda kisichofunga, nenda hospitali, na umweleze daktari umekuwa ukila nini miezi mitatu iliyopita, hata asipokuuliza.