Pini ya Tatu Haikuwekwa Bure

Plagi ya pini tatu iliyozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda ni muundo wa Uingereza wa mwaka 1947, na ukubwa wake una sababu. Pini ya juu, ndefu kuliko zile mbili, hutangulia kuingia: hufungua vizibo vya matundu ya umeme na kuunganisha bati la pasi au jokofu na waya wa ardhini. Waya wenye umeme ukigusa bati hilo, umeme hukimbilia ardhini badala ya mwilini, na fyuzi hukatika.

Wapo wasemao chaja ya simu haihitaji pini hiyo. Ni kweli, ganda lake ni plastiki. Lakini kulazimisha plagi ya pini mbili kwa kuchomeka kijiti kwenye tundu la juu huharibu vizibo, na pini nyembamba hulegea na kupata moto. Tumia adapta yenye fyuzi.