Kinga kilometa 1200: rafiki akichoka, unamungoja ao unamuacha?

Mu Katanga yetu kinga ni chombo cha kazi. Inabeba makala kutoka pori paka mu muji, inabeba mifuko ya mawe, inabeba baba kwenda ku kazi na mutoto kwenda ku masomo. Kwa hiyo ukiambia watu kama kuko wengine wenye wanatoa pesa yao wenyewe juu ya kunyonga kinga siku 4, muchana na usiku, bila kupata hata franka moja, wengi wataseka. Kumbe iko kweli. Safari ile inaitwa Paris-Brest-Paris. Wenye kuifanya si mabingwa wa Tour de France. Ni walimu, mafundi, wauguzi, wazee wa pensheni. Wengi wanaenda na marafiki.

Tupige hesabu. Kutoka Lubumbashi paka Kolwezi ni karibu kilometa 300. Fanya njia ile kwenda na kurudi, kiisha uirudilie tena kwenda na kurudi: ndiyo kilometa 1200. Wengi wanapewa masaa 90. Ukitoka siku ya kwanza saa 12 ya asubui, unapaswa kuwa umefika siku ya 4 mbele ya saa 6 ya usiku. Na masaa 90 ile inahesabu vyote: kula, kulala, kutengeneza mupira wenye umetoboka. Brest iko mwisho wa Ufaransa, pembeni ya bahari, na njia ni vilima kwa vilima. Ukijumlisha mita zote za kupanda, inapita 10000.

Safari hii ilianza 1891. Pierre Giffard, wa gazeti Le Petit Journal, ndiye aliipanga, na wakati ule ilikuwa mashindano ya kweli. Charles Terront alishinda kwa masaa 71 na kidogo. Mwenzake Jiel-Laval alikuwa amemutangulia, lakini usingizi ulimushinda, akaenda kulala. Terront akapita wakati ule ule. Mashindano ya wenye kulipwa iliisha 1951. Lakini tangu 1931 watu wa kawaida walikuwa na safari yao kwa njia ile ile, na yao haijakufa. Siku hizi inafanyika kila miaka 4. Mu 2023 walitoka Rambouillet, karibu na Paris, zaidi ya watu 6000. Hakuna pesa ya mutu wa kwanza. Kila mumoja anabeba karte yake, na ku kila kontrole (Fougères, Loudéac, Carhaix, Brest) wanamupigia muhuri. Ukifika mbele ya masaa kuisha, umefaulu.

Na si kila mwenye kutaka anaenda. Mu mwaka ule ule unapaswa kwanza kufanya safari 4: kilometa 200 kwa masaa 13 na nusu, 300 kwa masaa 20, 400 kwa masaa 27, na 600 kwa masaa 40. Ni pale marafiki wanajuana. Ku kilometa 50 kila mutu ni rafiki muzuri. Ku kilometa 400, saa 9 ya usiku, baridi na mvua, ndiyo utajua unatembea na nani.

Sasa tufike ku neno lenyewe: mwenzako akichoka, unafanya nini?

Wafaransa walijibu ulizo hili kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya Henri Desgrange, mwenye alianzisha Tour de France. Mu 1904 alianzisha safari za audax. Mu audax watu wote wanatembea pamoja. Mbele kuko kapiteni wa njia, mwenye kushika mwendo, siku hizi kilometa 22 na nusu kwa saa. Hakuna mwenye ruhusa ya kumupita. Mwenye nguvu anajizuia, mwenye kuchoka anapumuzika nyuma ya mugongo wa wenzake, penye upepo haumupigi sana. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanafika pamoja.

Namna ya pili ilianza 1921: mwendo huru. Kila mutu anatembea kwa nguvu yake, anasimama penye anataka, paka afike mbele ya masaa kuisha. Ni namna hii inavuta watu 6000 leo.

Mwendo huru unaonekana muzuri, lakini ndani yake muko mutego. Marafiki 4 wanatoka pamoja na kuapa kama hawataachana. Ku vilima mumoja anabaki nyuma. Wanamungoja dakika 10 hapa, 15 pale. Ku kontrole mumoja anataka kula, mwingine anataka kulala, wa tatu amekwisha kupanda kinga. Masaa inaenda. Mwenye kubaki nyuma anaona haya, anajikaza kupita nguvu yake, hasemi kitu. Kiisha anasinzia juu ya kinga na kuanguka mu mutaro. Si vilima vinamuangusha. Ni haya na usingizi.

Wenye kazi ya usiku ku mine wanaelewa bila kufundishwa. Saa 9 ao saa 10 ya usiku macho iko wazi lakini kichwa kimelala. Mwenye kusema «niko bien» ndiye wa kuangaliwa sana. Ekipe nzuri haingojei mutu aseme amechoka. Mwenzake anamuona, anamusimamisha.

Kwa hiyo wenye kuzoea safari hizi wanapatana mbele ya kutoka, si mu njia. Wanasema wazi: tutangojana juu ya kilima, si mu katikati. Tutalala ku kontrole fulani, wote, hata mwenye hasikii usingizi. Mutu akisinzia, tunasimama dakika 20, hakuna kubishana. Na neno ngumu kuliko yote: mumoja akishindwa kabisa, nani atabaki naye paka mahali penye watu na musaada, na nani ataendelea? Likisemwa mapema, mwenye kuendelea hakimbii rafiki, na mwenye kubaki hana deni.

Ile yote inatuhusu, hata kama hatutaona Brest. Wenye kuleta makala mu Lubumbashi wananyonga kinga na muzigo wenye hakuna Mufaransa angekubali kuusukuma, na hawapati muhuri. Vijana wetu wakitaka kufanya safari yao siku ya mungu, waanze na kilometa 60, kiisha 100. Lubumbashi-Likasi, kwenda tu, ni karibu 120. Watoke mapema asubui, wafike jua likiwa juu, kwa sababu njia zetu ziko na makamyo ya shaba, na shofere naye pengine hakulala. Mutu mumoja nyuma ya mwingine, si wawili kando kando. Jile yenye kungaa, sawa ile ya ku mine: ku Paris-Brest-Paris usiku ni lazima kuivaa. Kila mumoja abebe maji, pompi na mupira wa ndani.

Na tusisahau wenye kubaki ku nyumba. Mu vijiji vya njia ya Brest, wamama na watoto wanaweka meza mbele ya mulango, hata katikati ya usiku, na kugawa kahawa, maji na krepe bila kuomba franka. Nasi tunaweza. Ambia bibi yako saa ya kutoka, njia yenye mutapita, na saa ya kufika. Saa ikipita, ajue ni nani wa kupigia simu. Na wote mukirudi, hata mwenye alirudi mu kamyo na kinga yake juu ya muzigo, mukae ku meza moja mbele ya bukari ile ile.