Java: juu ya nini programu inabeba maktaba ambazo hukuomba

Waandika programu wa Java hawaandiki kila kitu wao wenyewe. Wanachukua maktaba, ni kusema vipande vya kode vilivyoandikwa na wengine. Lakini kila maktaba inaweza kuleta zingine nyuma yake, sawa mgeni anayefika na jamaa yake yote.

Mwezi wa 12 mwaka 2021, hatari ilionekana. Tundu kubwa lilitangazwa ndani ya Log4j, maktaba inayoandika kumbukumbu za kazi ya programu. Mtu aliweza kutuma maneno fulani tu na kuingiza kode yake ndani ya serveri. Wengi hawakujua kama wanayo, kwani iliingia kupitia maktaba zingine.

Matoleo mawili yakigongana, Maven inachagua lile lililo karibu zaidi na mradi, hata kama ni la zamani. Gradle, kwa kawaida, inachukua la juu zaidi.

Basi, mbele ya kutoa programu, andika amri «mvn dependency:tree», soma orodha yote, kisha taja toleo salama ndani ya pom.xml. Kwa Log4j kwenye Java 8, toleo 2.17.1 ndilo lilimaliza kufunga matundu ya wakati ule.