Kwa nini mbegu za proje zinachelewa

Wengi wetu tunaota kazi katika mashirika makubwa ya kimataifa yenye biro hapa Goma. Mimi nilipata mkataba wa miezi 6 kama agronome wa tereni, na kuko jambo moja tangazo la kazi halisemi.

Kivu ya Kaskazini iko na misimu miwili: msimu A tunapanda mwezi wa 9, msimu B mwezi wa 2 mpaka wa 3. Maharagi hayangojei. Lakini kununua mbegu kunaanza na fomu ya ombi, kisha proforma tatu, kisha meza ya kulinganisha bei, kisha lojistike, fedha, mkuu wa proje. Hesabu ikipita kiwango fulani, faili inapanda mpaka Ulaya, na huko mwenye kusaini yuko likizo. Wauzaji wa mbegu zilizothibitishwa na SENASEM si wengi. Proforma ya tatu peke yake ilitukamata wiki mbili.

Wakati huo mimi naenda Masisi kwa pikipiki, mikono mitupu. Mama mmoja wa ushirika ananiuliza: "Mwana yangu, mvua imeanza, mbegu iko wapi?" Nikajibu, "Wiki ijayo, mama." Nilijibu hivyo mara tatu. Wakapanda maharagi waliyoweka ya kula. Zetu zilipofika, tulipiga picha siku ya kugawa, na ripoti ikaandika: kazi imefanyika.

Hizi taratibu zina sababu. Max Weber, Mjerumani aliyefariki 1920, alieleza vile ofisi ya sheria na faili inamtendea kila mtu bila kuangalia sura. Mkubwa hawezi tu kumpa shemeji yake kazi ya kuuza mbegu. Na sisi Wakongomani tunajua vile pesa inapoteaka!

Shida iko kwenye adhabu. Mkaguzi akija anatafuta proforma iliyokosekana. Haulizi mvua ilinyesha lini. Basi kila mwenye saini anajikinga kwa kuomba karatasi ingine. Kuchelewa hakumgharimu kitu. Anayelipa ni ajenti wa chini, ambaye hana saini hata moja, lakini wakulima wanajua sura yake.

Siku hizi nikiitwa kwa intervyu, nauliza: ombi la mbegu linapita kwa watu wangapi? Mara ya mwisho walicheka, kisha wakaanza kuhesabu kwa vidole.