Mzigo wa Mwenzio

Sisi tunaokaa Buluo, karibu na Likasi, tumezoea kuona shaba ikiondoka kwenda baharini, lakini wengi wetu bahari hatujaiona. Kwa hiyo katika likizo ya mwaka 2018 sisi walimu watatu tulikata shauri kwenda kuitazama. Tulitia nguo na chakula katika mashanta, tukayavaa mgongoni kama wafanyavyo vijana wa Ulaya wanaozunguka dunia kwa fedha kidogo. Tuliapa pia kwamba hatutamlipa mtu yeyote kutuchukulia kitu.

Tulivuka mpaka Kasumbalesa, na huko Kapiri Mposhi, katika Zambia, tukapanda treni ya TAZARA. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya miaka 1970 na 1975, ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam bila kupita nchi za kusini zilizotawaliwa na Wazungu wachache. Tulilala njiani, tukaamka, tukalala tena, hata tukafika.

Loo, mji ule! Watu ni wengi kama siafu. Daladala zapiga honi, mikokoteni yapita katikati ya magari, wauzaji waita pande zote. Tulipofika Kariakoo mkanda wa shanta moja ulikatika, na mabega yetu yalikuwa yakiuma. Kijana mmoja, umri wake labda miaka 16, akatukaribia.

“Shikamooni, wakubwa. Niwachukulie?”

“Marahaba. Kiasi gani?”

“Elfu tatu tu.”

Tukakubali. Akajitwika mashanta mawili kichwani, la tatu akalishika mkononi, akatutangulia mbio mbio kwenye jua kali. Mlangoni pa nyumba ya wageni tukampa shilingi elfu moja, tukisema kwamba njia ilikuwa fupi. Aliitazama ile noti, akasema, “Haya,” akaenda zake. Nasi tulicheka, tukijiona werevu.

Jioni tulimwomba mama lishe bukari na samaki. Akacheka. “Wanangu, huku twasema ugali. Lakini Kiswahili chenu nakisikia. Nani aliwafundisha huko mbali?” Hatukuwa na jibu la haraka.

Jibu tulilipata Bagamoyo, yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Kwanza tulikimbilia pwani, tukaonja maji ya chumvi, tukarushiana kama watoto. Kisha tukaenda kutazama mambo ya kale. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapo. Pembe za ndovu zilifika juu ya mabega ya watu. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa watumwa. Msiri naye alitoka upande wa Unyamwezi, akaja kwetu Katanga kwa biashara hiyo, akatawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Basi Kiswahili chetu hakikuja kwa treni. Kililetwa na watu waliotembea kwa miguu, na wengi wao walikuwa na mizigo.

Tulifika pia katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambapo watumwa waliokombolewa walipewa makao. Hapo ndipo Februari 1874 ulipofikishwa mwili wa Livingstone. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na Susi, Chuma na wenzao waliuchukua kwa miguu mpaka pwani.

Tulitoka hapo kimya. Mwenzetu mmoja ndiye aliyesema, “Na yule kijana wetu?” Hapo tukakumbuka kwamba hata jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914–1918. Katika mtaa wenye jina la wapagazi, sisi tulimpunja mchukuzi.

Tuliporudi Dar es Salaam tulimtafuta siku mbili, sokoni na vituoni. Hatukumwona, na jina lake hatukuwa tumeliuliza. Ile noti ya elfu mbili tuliyomdhulumu tulirudi nayo Buluo. Twaionyesha wanafunzi kila somo la jiografia linapofika baharini.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wapenzi wasomaji, katika soko la Likasi nako wapo vijana wanaobeba magunia. Kabla hamjawapunguzia ujira wao, jaribuni kwanza kuliinua gunia lenyewe.